Chumba cha watoto kabla ya masika

Jumapili, mwisho wa Februari. Masika yako mlangoni, na huku pwani unyevu ukishaingia kabatini ni shida kuutoa.

Nazidi kuamini kwamba vurugu ya chumba cha watoto haianzi na watoto. Inaanzia kwa vitu vilivyopangwa kwa urefu wa mama. Henga ziko juu, mtoto wa miaka minne hazifikii, shati la sare linaishia sakafuni. Dawa yake ni penseli tu: mtoto asimame wima aguse ukuta usawa wa bega, weka alama, funga kulabu hapo. Kwa umri huo alama huangukia sentimita 80 hivi. Kwa wa miaka tisa, karibu 105. Ziwe za mbao, zenye kichwa cha mviringo, kamwe si misumari, kwa sababu hapo ndipo lilipo jicho la mdogo wao. Kila mtoto apate mbili: ya begi na ya sare ya kesho. Ukiongeza ya tatu, litaning'inia lundo.

Vitu vya kuchezea vinahitaji mabeseni ya wazi. Kutoa kitu hakumshindi mtoto; kurudisha ndiko kunakomshinda, na kifuniko kinaongeza ugumu. Tenga moja kubwa nalo halifai, maana gari likiwa chini kabisa atamwaga vyote ili alipate. Mabeseni manne ya lita 10 yanatosha, kila moja na aina yake, na picha iliyobandikwa mbele kwa asiyejua kusoma. Vinavyobaki vikae mfukoni juu ya kabati, vibadilishwe kila baada ya wiki tatu. Kitu cha kuchezea chenye betri bapa ndogo nacho nakitaka mahali pa juu, na kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu: betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili.

Kabati lisigusane na ukuta, hewa ipite, la sivyo ukungu huanzia mgongoni mwake. Lakini kabati lililoachwa huru linaweza kumwangukia mtoto anayepanda droo. Weka kipande cha ubao cha inchi 2 kati ya kabati na ukuta, kisha kaza vyote pamoja kwa skrubu ndefu na plagi za ukutani.

Nguo zilizombana mkubwa na bado hazijamtosha mdogo zisiwekwe kwenye boksi la karatasi. Mchwa na mende hulipenda. Sanduku la bati au ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ni bora. Zianikwe juani, halafu zipoe kabisa kabla ya kufungiwa. Zikiingia na joto zinatoa jasho humo ndani, na baada ya mwezi zina madoa meusi.

Zile tembe nyeupe za kufukuza nondo nazikataa kabisa. Mtoto huzidhania peremende, na kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo nadra kwenye maeneo yetu ya malaria, kemikali ya naftalini iliyo kwenye tembe hizo inaweza kuzipasua chembe hizo. Hata nguo zilizohifadhiwa nayo zimewahi kuwadhuru watoto wachanga.

Chandarua kifuliwe mwisho, taratibu, kwa sabuni ya kipande, kianikwe kivulini. Jua huidhoofisha dawa yake.