Wingi wa Bibi

Tumehama, friji imeingia mlangoni kwa taabu, na Mkubwa kafaulu mtihani wa leseni. Hayo nitayaandika siku nyingine. Ninaloshindwa kulimeza ni la Jumanne alfajiri, tulipokuwa tunakabidhiana zamu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nilikuwa nampa msimamizi ripoti ya wazee wetu. Nikamtaja mwenzangu yule wa ghorofa ya pili, nikasema "she". Kumbe yuko nyuma yangu, anavaa koti. Akasema polepole, "They," maana ndivyo anavyotaka kutajwa, si "she" wala "he". Nami nikajibu haraka kama mtu aliyekanyagwa kidole: "Jamani, mimi hata mama yangu namwita 'he'!" Na ni kweli, mnanijua. Miaka 11 hapa Ohio, ulimi bado unatafuta neno moja la kuwatosha watu wote, kama "yeye" yetu.

Akafunga zipu. "Ukikosea kwa mama yako, watu wanakusahihisha. Ukikosea kwangu, wanakuamini."

Akatoka.

Maneno hayo nimeosha nayo vyombo, nimekunja nayo nguo. Ukikosea kwangu, wanakuamini. Nilijificha nyuma ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe tunachojisifia kuwa hakibagui kinataka kujua nani kaoa na nani kaolewa. Hata shoga, neno ambalo shangazi zangu huitana kwa mapenzi, nimelisikia mtaani likirushwa kama jiwe kwa kijana wa watu.

Alhamisi kitindamimba wangu akanionyesha kwenye simu: kamusi ya Merriam-Webster ililichagua "they" kuwa neno la mwaka 2019, na Waingereza wamekuwa wakilitumia kwa mtu mmoja asiyetajwa jina tangu karne ya 14. "You" nalo lilikuwa la watu wengi, akaja kupewa mmoja kwa heshima.

Heshima! Hapo nikamkumbuka Bibi, kule Masasi. Kwa Kiyao mtu mzima hatajwi kwa umoja. Babu alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, na Bibi anatuambia wanakula, wamechoka, msiwasumbue. Nilipokuwa mdogo nilichungulia uani nikiwatafuta hao wengine.

Basi njia hii ulimi wangu unaijua, uliipita utotoni. Jana usiku nimesema "they" mara tatu bila kujikwaa, na mara zote tatu nimemwona Babu na mkeka wake. Mwenzangu hakusema kitu. Alinisogezea kikombe cha chai tu, na nilifurahi hadi machozi yakanilenga mbele ya wazee. Radhi sijamwomba bado. Nitamwomba Jumapili, tukiwa wawili, maana kosa nililifanya mbele ya msimamizi lakini kidonda ni chake.

Mama hajapokea simu tangu juzi. Jirani anasema kaenda shambani kuokota korosho, huko mtandao hakuna. Lakini dawa zake za presha zilikuwa ziishe Ijumaa, na sijui nani alikwenda kumchukulia nyingine.