Jinsi nilivyofikia uamuzi wa kuondoka Nkuhungu

Nilirudi nyumbani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, kutoka hospitali siku ya Ijumaa, mwezi Mei mwaka 2023, baada ya kulazwa siku nne kwa upasuaji wa kidole tumbo. Mwalimu mwenzangu alinileta kwa bajaji mpaka getini, nikaingia ndani nikiwa nimeshikilia ubavu wa kulia, nikamkuta mwenzangu, yaani mwanamume niliyekuwa nikiishi naye kama mume, ameketi sebuleni gizani. Hakusimama. Aliniuliza, "Umenunua umeme?" Nilitoa simu, nikanunua umeme wa shilingi 5,000, nikaingiza zile tarakimu 20 za Luku moja baada ya nyingine huku nimeegemea ukuta kwa sababu mshono ulikuwa unavuta. Taa zilipowaka alinyanyuka, akaenda kulala.

Naanza na jioni hiyo kwa sababu watu wakisikia kwamba mwanamke ameondoka kwa mume wake hutarajia kuelezwa habari ya kipigo au ya nyumba ndogo. Mwenzangu hakuwahi kuniinulia mkono, wala sikuwahi kusikia habari ya mwanamke mwingine. Kama angenipiga ningeondoka siku hiyo hiyo, na ningemshauri dada yeyote afanye vivyo hivyo bila kungoja hatua hizi ninazozieleza. Kilichonisumbua mimi kilikuwa kigumu kukitaja jina: nilikuwa naishi na mtu aliyeumia kweli kweli, na maumivu yake yalikuwa yamejaa nyumba nzima mpaka pakakosekana mahali pa mtu wa pili.

Tulianza kuishi pamoja Novemba 2017. Barua ya posa ilikwishapokelewa kwetu Mvumi na mahari ilikuwa imetolewa nusu, ila harusi ilikuwa inasogezwa mbele mwaka hadi mwaka. Wakati huo alikuwa dereva wa lori, akibeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam, na alikuwa mtu mchangamfu ambaye akifika Gairo hupiga simu kuuliza kama nimekula. Machi 2020 lori lake lilipinduka usiku. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, utingo wake akafariki papo hapo, na utingo huyo alikuwa kijana wa kijijini kwao ambaye yeye mwenyewe alimwombea ruhusa kwa wazazi wake. Mkono ulipona, lakini hakushika usukani tena. Usiku alikuwa akishtuka na kuita jina la yule kijana, mchana hakutaka kuonana na watu, na pombe, ambayo zamani aliinywa sikukuu, ikawa ya kila siku.

Kwa miaka miwili ya mwanzo sikujiuliza swali lolote. Mume amepata msiba, mke anabeba. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyoamini hadi leo. Mwaka wa tatu ndipo nilipoanza kuona kwamba sikuwa ninasaidia tena kuvuka mahali pagumu, bali nilikuwa nimejenga maisha yangu yote mahali hapo.

Niliomba ushauri kwa watu wawili. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliniambia, "Mwanangu, ndoa ni kuvumilia, mgonjwa haachwi." Rafiki yangu wa shuleni akaniambia nifungashe vitu siku hiyo hiyo kwani sina mtoto na nina mshahara wangu. Wote wawili walinipenda, na nawaheshimu, lakini nilitoka kwa kila mmoja nikiwa na uzito ule ule. Shangazi alijibu swali la kama mtu huyu ni mgonjwa. Rafiki yangu alijibu swali la kama mimi ninateseka. Majibu yote mawili nilikuwa nayo tangu zamani.

Mwanzoni mwa Juni nilichukua daftari la kurasa 64 kama yale ya wanafunzi wangu, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto nilichokifanya mimi kwa ajili yetu, kulia alichokifanya yeye. Sikuwa nakusanya ushahidi wa kumshitaki. Nilikuwa nimegundua kwamba kumbukumbu yangu haiaminiki, kwa sababu siku akitabasamu nilikuwa nasahau miezi mitatu ya kimya, na siku akilewa nilikuwa nasahau kwamba juzi yake alinifulia. Niliandika kila usiku kabla ya kulala, kwa siku 90. Upande wa kulia haukuwa mtupu, na nilijilazimisha kuandika hata mambo madogo: alinichotea maji, alifunga madirisha upepo wa Julai ulipoanza kuleta vumbi, alisema pole nilipokohoa. Lakini nilipohesabu mara alizoniuliza jambo lolote linalonihusu mimi, niwe nimeshindaje, mama anaendeleaje, mshono umepona au bado, nilipata mara nne. Nilirudia kuhesabu kwa sababu sikuamini.

Septemba ndipo nilipofanikiwa kumpeleka Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Anayeishi Dodoma anajua ugumu wa jambo hilo, kwani jina la Mirembe hutumika mitaani kama tusi, na mwenzangu alikuwa akisema kwamba heri afe kuliko kuonekana kwenye geti lile. Nilichomwambia ni kwamba tunakwenda kutafuta usingizi, na hilo halikuwa uongo. Daktari alimsikiliza karibu saa nzima. Alimweleza kwamba ajali huacha jeraha katika akili kama inavyoacha kwenye mfupa, na kwamba pombe aliyoitumia ili alale ndiyo iliyokuwa ikimkatiza usingizi usiku wa manane. Alituonya pia tusimkatishe pombe kwa ghafla nyumbani, kwa kuwa mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata degedege, kwa hiyo kuacha kwake kungesimamiwa na wao. Nilishukuru sana kusikia hilo, kwa maana nilikuwa nimepanga kumfungia ndani.

Wakati yeye akichukuliwa vipimo, mshauri nasaha mmoja, mama wa makamo, aliniita pembeni. Sikumweleza mengi. Aliniuliza, "Mwalimu, ukiondoka leo, ni kazi gani pale nyumbani zitakosa mtu wa kuzifanya?" Nilimtajia: kupika na kumwekea chakula kwenye hotpoti, kulipa deni lake kilabuni, kumwamsha, kuwajibu majirani, kuwaambia ndugu zake kwamba hajambo, kupokea simu za watu anaowadai na wanaomdai. Alizihesabu kwa vidole huku nikizungumza, kisha akanyamaza, na katika ukimya ule nikasikia mwenyewe kwamba katika orodha yote hakuna hata jambo moja ambalo lazima lifanywe na mke. Kaka yake angeweza kuyafanya. Mengine hayakupaswa kufanywa na mtu yeyote.

Kuanzia hapo niliamua kwamba kabla ya kuondoka nyumbani nitaziacha kwanza zile kazi, moja baada ya nyingine, nione kinachobaki. Nilimpigia shemeji aliyeko Kibaigwa nikamwambia ukweli wote, na nikamwomba radhi kwa miaka mitatu ya kumwambia hajambo. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema, "Shemeji, sisi tulidhani unatuzuia." Nilimwambia mama wa kilabuni kwa heshima kwamba deni litakaloandikwa kuanzia mwezi huo si langu. Niliacha kuwajibu majirani. Kazi ya mwisho kuiacha, na iliyoniuma kuliko zote, ilikuwa chakula cha kwenye hotpoti. Badala ya kumwekea nilianza kumwita tule pamoja saa mbili, na asipokuja nilikula peke yangu na kuosha vyombo. Jioni ya kwanza nilikula ugali na mlenda huku machozi yananitoka kama niliyemfukuza mtu mezani. Alikuja kula nami mara chache, na mara hizo tulikaa kama abiria wawili wasiojuana ndani ya basi moja. Kazi zilikuwa zimekwisha, na chini yake sikukuta kitu.

Hata hivyo sikutaka kuondoka bila kumpa nafasi iliyo wazi, na hapa nilifikiri sana juu ya sharti nitakaloliweka. Nisingeweza kumwambia aache pombe ifikapo Desemba, kwa sababu hilo halikuwa mikononi mwake peke yake na daktari alikwishatuambia kwamba safari hiyo ina kuanguka kwingi. Nilichagua jambo lililo ndani ya uwezo wake: aende kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, mwenyewe, bila mimi kumkumbusha, mpaka shule zifungwe. Nilimweleza asubuhi akiwa hajanywa, nikamwandikia pia kwenye karatasi. Alikubali, akanishika mkono. Tarehe ya kwanza alikwenda, na siku hiyo nilifurahi hata nikashindwa kufundisha kipindi cha mwisho. Tatu zilizofuata hakwenda.

Nilipomwambia kwamba nitaondoka, alinitazama na kusema, "Ukiondoka utakuja kunizika." Najua wapo wanaosema maneno kama hayo ni vitisho vya kawaida vya mlevi na hayapaswi kujibiwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Nilimpigia shemeji usiku ule ule, nikakaa macho mpaka alipofika alfajiri kwa lori la mahindi, na saa mbili asubuhi tulikuwa wote watatu hospitalini, ambako alilazwa. Ila sikuufuta uamuzi wangu. Nilielewa kwamba maneno yale yalikuwa yanaomba daktari na ndugu wa kumkaa karibu, hayakuwa sababu ya mimi kugeuka mlinzi wa peke yangu asiyelala. Niliahirisha siku ya kuondoka hadi atoke, na hadi shemeji awepo kumpokea.

Mambo ya mali sitayarefusha, lakini yapo ambayo dada zangu walio kwenye hali kama yangu wanapaswa kuyajua. Tulikuwa na kiwanja Ihumwa, tulichokinunua mwaka 2018 kwa fedha za wote wawili, na karatasi za mauziano zilikuwa kwa jina lake. Nilidhani kwa kuwa hatukufunga ndoa sina changu. Msaidizi wa kisheria alinifungulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, kinachosema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi huku wakitambulika kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wana ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akanieleza kwamba mchango katika mali hautazamwi kwa fedha peke yake, na kwamba Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hatukufika mahakamani. Tulikaa mbele ya shangazi, shemeji na mwenyekiti wa mtaa, tukakubaliana kiwanja kiuzwe na fedha zigawanywe sawa kwa sawa, na fungu lake akashika kaka yake kwa ajili ya matibabu. Kuhusu mahari, shemeji alisema hakuna kitakachorudishwa, na shangazi, ambaye miezi michache kabla aliniambia mgonjwa haachwi, alimjibu kwa Kigogo kwa maneno ya shukrani ambayo sikutegemea kuyasikia kutoka kwake.

Niliondoka Januari 2024, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mvua ikinyesha. Nilipanga vyumba viwili Kikuyu. Kwa wiki nyingi niliendelea kupima unga wa watu wawili, na usiku nilikuwa naamka saa nane kusikiliza kama kuna anayeita. Niliona aibu pia, kubwa kuliko nilivyotazamia, hasa kanisani. Tarehe zake za kliniki nilikuwa nazijua kwa kichwa zote, na kila ilipofika moja nilikuwa nikishika simu tangu asubuhi nikingoja ujumbe wa shemeji.

Mwezi Juni shemeji alinipigia jioni kunieleza kwamba jana yake mwenzangu alipanda basi peke yake kutoka Kibaigwa, akaenda Mirembe, akarudi na dawa. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Halafu nikakumbuka kwamba jana ilikuwa tarehe, na kwamba mimi nilishinda siku nzima nikisahihisha mitihani ya kidato cha pili bila kuikumbuka.