Wageni wangu na mishumaa yao ya mapenzi, Makunduchi

Nina nyumba ndogo ya wageni Makunduchi, imeezekwa makuti, na Julai hujaa kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya hapa Zanzibar. Mke na mume kutoka Uingereza walikuja kwa hilo hilo. Wakatazama wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba, wakasikia wanawake wakirushiana nyimbo, wakaona kibanda kinachomwa. Sherehe ilipokwisha wakaniambia hawaondoki mpaka Agosti mosi ipite, maana siku hiyo wana ibada yao ya mishumaa, na wangependa kuifanya hapa kwangu.

Wao ni wapagani, yaani wanafuata dini ya kale ya Ulaya iliyofufuliwa, na walilisema waziwazi kama mtu anayekwambia kabila lake. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu watu wa dini hiyo wapatao 74,000, kwa hiyo si vioja vya watu wawili. Wana sikukuu nane kwa mwaka, zinafuata jua na misimu. Ya Agosti mosi inaitwa Lughnasadh, mavuno ya mwanzo ya nafaka, asili yake Ireland. Huko, husimuliwa, vijana walikuwa wakifunga ndoa ya kujaribiana: mwaka mmoja na siku moja, mkishindwana kila mtu anashika njia yake. Wageni wangu nao walioana hivyo, kwa kufungwa mikono kwa kamba siku ya ibada na kuahidiana muda huo huo, na sasa muda umetimia. Mishumaa ilikuwa ya kusema tunaendelea. Cheti cha serikali wanacho, hilo nililiuliza kabla ya yote.

Mamkubwa, ninayekaa naye, alisikia habari ya mishumaa, mapenzi na majina ya kuchora, akanivuta jikoni.

"Mwanangu, hilo si limbwata?"

Nikamwambia limbwata hutiliwa mtu naye hajui, ila huyu mume yupo pale barazani anajua kila kitu, na ndiye aliyebeba mishumaa yenyewe kwenye begi. Nilimuuliza na mke pia, nikaambiwa kwao ni aibu kumfanyia mtu ibada ya mapenzi bila ridhaa yake. Mamkubwa akatulia kidogo. "Basi wafanye wao. Wewe usitie mkono." Nami nilikuwa nimeshaamua hivyo. Mimi ni Muislamu. Mahali na chakula nitawapa, kuomba na kuwasha ni kwao. Na tusijidai sana, sisi wenyewe juzi tumemwingiza mtu kwenye kibanda tukakitia moto, akatoka mbio, kisha tukaoga pwani.

Nilikwenda kumwambia sheha na jirani wa pande zote mbili kabla ya siku. Hili naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mtu akiona moto usiku uani kwako na wazungu wanatamka maneno asiyoyajua, kesho mji mzima unajua unafuga majini. Akishaambiwa, atachungulia tu dirishani na kulala. Saa nayo tuliipanga: si Magharibi watu wakienda msikitini, ila baada ya Isha. Wakakubali bila taabu, kwao jua likishazama siku imeingia.

Kazi ikawa upepo. Agosti kusi bado linavuma, na wao walitaka wawe pwani mchangani. Nikawapeleka jioni wakajaribu kiberiti. Njiti zote zilizima. Uani kuna ukuta, lakini pembeni yake yapo makuti, na cheche ya mshumaa na makuti makavu hapana haja ya kueleza. Nikatoa sinia kubwa la shaba, nikalijaza mchanga wa pwani uliokauka, nikaliweka katikati ya ua mbali na paa, ndoo mbili za maji ukutani. Mishumaa ikachomekwa mchangani: miwili ya rangi ya waridi, kila mmoja wao na wake, na mmoja mnene mweupe wa katikati, ambao wangeuwasha kwa pamoja.

Yule mke akanionyesha namna wanavyoitayarisha. Jina huchorwa kwa ncha ya sindano, kisha mshumaa hupakwa mafuta kutoka kila ncha kuja kati, kwa sababu wanavuta kitu kije; wakitaka kiondoke hupaka kutoka kati kwenda nje. Aliomba mafuta ya mawaridi. Nilichokuwa nacho ni marashi, na marashi ni maji: yalisimama matone matone juu ya nta yakamwagika chini. Mamkubwa, yeye aliyesema nisitie mkono, akaleta kichupa chake cha mafuta ya nazi aliyoyalowekea asumini na vilua. Nta ikang'aa. Walitaka kuongeza mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa Wawi kule Pemba. Nikawazuia wasishike kwa vidole, yanachoma ngozi. Tone moja kwa kijiti likatosha. Mdalasini wa unga niliwaambia wanyunyize mchangani, usikaribie utambi.

Jioni hiyo mume akaanza hesabu zake. Zanzibar iko kusini mwa ikweta, nyuzi kama sita, na wapagani wa Australia hugeuza kalenda, kwa hiyo Agosti mosi kwao ni Imbolc, sikukuu ya mwisho wa baridi, ambayo ndiyo hasa ya mishumaa. Sasa wao wako wapi? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nikawaambia hapa mwaka wetu ni masika na vuli, kusi na kaskazi, na mchana wetu haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha mtu kugombana na mkewe. Wakacheka, wakaamua watashika zote mbili. Mkate wa mavuno kwao ni wa ngano mpya. Nikawapikia mkate wa kumimina, mchele na tui, mpunga ndiyo kwanza umetoka shamba.

Ibada yenyewe ilikuwa fupi. Mimi nilikaa mlango wa jikoni na ndoo yangu. Waliwasha, wakasemezana, mume akalia, wakala mkate. Mishumaa ya pembeni ikaachwa iishe yenyewe, nami nikalazimika kukesha nayo maana hawaruhusu kuipuliza. Ule mnene waliuzima kwa kuubana utambi kwa kijiko, wakaufunga kwenye kitambaa wakaondoka nao, watauwasha kila mwaka siku hiyo.

Tangu hapo wameniletea wengine. Mmoja aliniuliza bei ya ibada. Nikamwambia chumba kina bei, mkate una bei, sinia naazima bure. Nikipokea pesa ya ibada nimeshakuwa mganga, na mamkubwa atahama.