Wangapi hasa wanaugua kifua kikuu kitokacho kwa ng'ombe?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao 140,000 waliugua kifua kikuu kilichotoka kwa wanyama, hasa ng'ombe, na 11,400 walifariki. Wagonjwa wapya wa TB mwaka huo walikuwa karibu milioni 10, kwa hiyo ni asilimia 1.4 hivi. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2013 yalipata kiwango cha kati cha asilimia 2.8, na tofauti kati ya eneo na eneo ilikuwa kubwa mno. Wengi huziona namba hizi wakaridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu vipimo vingi vinavyotumika kuwahesabu wagonjwa havina uwezo wa kumtambua bakteria anayetoka kwa ng'ombe.

TB ya kawaida huletwa na Mycobacterium tuberculosis. Ya ng'ombe huletwa na nduguye wa karibu, Mycobacterium bovis. Chini ya hadubini wote wawili ni vijiti vyekundu, huwezi kuwatofautisha. Mashine ya GeneXpert nayo hutafuta kipande cha jeni walicho nacho wote wawili, hivyo jibu linalotoka ni kwamba TB ipo, basi. Maabara inayootesha vimelea ingeweza kusaidia, lakini chakula kinachotumika sana kuoteshea, Löwenstein-Jensen, hutiwa gliserini, na M. bovis hawezi kuitumia gliserini vizuri. Huota kwa shida au haoti kabisa, isipokuwa awekewe chupa yenye piruveti badala ya gliserini. Maabara yenye chupa za gliserini tu itaandika "hakuna kilichoota", na mgonjwa anatoka kwenye hesabu. Kumtambua kwa uhakika kunahitaji vipimo vya jeni ambavyo hospitali ya wilaya kwa kawaida haina.

Halafu kuna suala la wapi tunachukua sampuli. Hesabu kubwa za TB zinategemea makohozi. Lakini anayenyweshwa bakteria kwenye maziwa humpokea kupitia koo na utumbo, kwa hiyo ugonjwa hutokea kwenye tezi za shingo, tumboni, au kwenye mifupa, na mtoto anaweza asikohoe hata kidogo. Katika utafiti wa Arusha uliochapishwa mwaka 2004, sampuli za tezi za shingo ndizo zilizooteshwa, na takriban moja ya kumi ya zilizoota ilikuwa M. bovis. Hiyo ni picha tofauti kabisa na ile asilimia 1.4.

Kwenye matibabu jambo hili lina uzito. M. bovis kwa asili hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za TB, kwani kimeng'enya chake cha kuiamsha dawa hiyo kina hitilafu. Katika miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anameza dawa nne, zinazofanya kazi ni tatu. Miongozo mingine hurefusha tiba hadi miezi 9. Usijibadilishie dawa mwenyewe. Mwambie mhudumu kwamba unakunywa maziwa mabichi, unaishi na mifugo au unafanya kazi machinjioni (maana bakteria huyu huvutwa pia kwa pumzi), na kama una tezi iliyovimba, omba ivutwe majimaji kwa sindano ipimwe.

Sasa maziwa. Nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, zinatosha kumuua. Nyumbani bila kipimajoto, chemsha mpaka yatokote, koroga ili joto lifike kote, na usiepue povu linapopanda tu. Punguza moto yaendelee dakika moja au mbili. Chai iliyochemshwa pamoja na maziwa haina shaka. Maziwa mgando ndiyo yanayodanganya. Watu huamini ukali wake umeshaua kila kitu, kumbe M. bovis ana ganda la nta na huweza kustahimili siku kadhaa ndani ya kibuyu. Chemsha kwanza, yaache yawe vuguvugu, ndipo utie mbegu ya mtindi, na mbegu yenyewe isitoke kwenye maziwa yaliyogandishwa mabichi. Kumbuka pia kwamba ng'ombe mmoja mwenye kiwele kilichoambukizwa anatosha kuchafua keni zima la kijiji.

Ng'ombe hupimwa kwa tuberkulini, yaani protini za bakteria wa TB, mililita 0.1 hudungwa ndani ya ngozi ya shingo, sehemu mbili: moja ya bakteria wa ng'ombe, moja ya bakteria wa ndege, kwa sababu bakteria wa udongoni na majini huleta majibu ya uongo. Baada ya saa 72 daktari wa mifugo hupima unene wa ngozi; uvimbe wa upande wa ng'ombe ukizidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo ameambukizwa. Anatakiwa achinjwe, si kutibiwa. Pasipo fidia, mfugaji anampeleka mnadani, na boma jingine linamnunua.