Nilivyowaelewesha vijana furlongi kwa kamba ya katani

Ukifundisha Biblia kwa vijana wanaosoma ile ya Kiingereza cha zamani, King James ya 1611, furlongi huikwepi. Luka 24:13 Emau iko furlongi 60 kutoka Yerusalemu, Yohana 6:19 wanafunzi wamepiga makasia furlongi 25 au 30, Ufunuo 21 mji mtakatifu furlongi 12,000. Kijana ananyoosha mkono, "mwalimu, furlongi ndo nini?"

Niliomba ushauri kwa watu, nikapewa majibu ya kukera. Mmoja anasema andika "mita 201" ubaoni, songa mbele. Mwingine, kwa uhakika kabisa, eti ni hatua za mfalme fulani wa Uingereza, uongo mtupu. Nikaiandika hiyo 201, wakakopi vizuri kwenye madaftari, wiki iliyofuata hakuna hata mmoja anayekumbuka, na siwalaumu kwa sababu namba tupu haina pa kuishika. Halafu hata kwa Biblia yenyewe hiyo 201 inapotosha, maana Kigiriki kinasema stadio, ambayo ni kama mita 185, watafsiri Waingereza waliweka tu kipimo chao kilichokuwa karibu. Kwahiyo Emau ni kilomita 11 hivi, sio 12, usizidishe kichwakichwa.

Swali lililoninyima raha ni kwanini 201 isiwe 200, na kwanini maili iwe futi 5,280, nani anakaa chini anapanga namba kama hiyo?

Kumbe jibu liko shambani. Neno lenyewe ni mawili ya Kiingereza cha kale, furh na lang, yaani urefu wa mtaro mmoja wa plau. Enzi hizo kule Uingereza kijiji kilikuwa na mashamba makubwa ya wazi na kila mkulima ana vipande vyake humo, vyembamba na virefu, kwa sababu kugeuza plau nzito na maksai wote wale ni shughuli, unanyoosha kwanza kadri unavyoweza ndo ugeuze. Kijiji cha Laxton kule Nottinghamshire mpaka leo bado kina mashamba ya mtindo huo. Urefu ukaja kukaa kwenye fito 40, ufito mmoja futi 16 na nusu, jumla futi 660. Sasa maili wao waliirithi kwa Warumi, hatua elfu moja (hatua yao ilikuwa mbili zetu, kulia na kushoto), futi 5,000, na 660 haiingii humo kamili hata ufanyeje. Mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge likapitisha sheria. Ukigusa furlongi umegusa mashamba ya watu na mipaka yao, kwahiyo iliyovutwa ni maili, ikawa furlongi 8 kamili, na 8 mara 660 ni 5,280. Yaani barabara ndo ilifuata shamba! Nilipofika hapo nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Sasa kamba, na hapa najivunia kweli. Mwaka 1620 Edmund Gunter alileta cheni ya kupimia ardhi, futi 66, viungo 100, cheni 10 ni furlongi moja. Cheni sina, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kamba ya katani, elfu kumi na kitu hivi, usinunue ya nailoni inavutika. Kata yadi 22, yaani mita 20 na sentimita 12, mpime watu wawili mmoja ashike ncha. Nikafunga fundo kila robo, kila robo ni ufito mmoja. Tukaenda uwanja wa shule, mmoja mbele mmoja nyuma, kijiti kila kamba inapoishia, uwanja ukaisha tukaingia shamba la jirani (omba ruhusa mapema) mpaka kamba ya kumi. Wote wakageuka kuangalia walipotoka na hakuna aliyeuliza tena furlongi ni nini.

Halafu nikawaambia nyoosheni kamba moja tu kwenda pembeni, mkirudi nayo mpaka mwanzo mmezungushia ekari moja. Kelele! Maana nyumbani wanaijua ekari ya hatua 70 kwa 70, wanadhani lazima iwe mraba. Furlongi moja kwa cheni moja ni kama mita za mraba 4,047, ni ekari ileile, ila hii ina sura ya kazi ya plau.

Wale wanaopenda riadha niliwapa Seraphino Antao wa Mombasa, dhahabu ya mbio za yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth 1962, ambayo ni furlongi moja kamili. Jamaa mmoja akaikimbia palepale na viatu vya kanisani.

Kamba ya katani ikinyeshewa inajikaza inafupika, ianike halafu ipime upya kabla hujaitumia.