Siku za Mwisho Mahale

Tulipoanza kuteremka kutoka kilele cha Nkungwe, wengi wetu tuliamini kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Mlima huo wenye mita 2,462 ndio mrefu kuliko yote katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma, na kuupanda kulitutoa jasho. Lakini kuteremka ndiko kulikotutesa. Nyasi za juu zilikuwa zimekauka na kuteleza, ikafuata mianzi, kisha msitu mzito ambao mizizi yake ilitutega kila hatua. Mwongozaji wetu, mzee wa Kitongwe ambaye watu wake waliishi katika milima hii kabla haijatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1985, alitembea kwa katambuga na fimbo moja, akitusubiri kwenye kila kona bila kusema neno la kutubeza, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kutubeza tosha.

Safari yote ilikuwa ya Mwalimu. Alifundisha baiolojia katika sekondari moja mjini Kigoma, na ndiye aliyetuandika katika daftari na kutudai kila mwisho wa mwezi kama mtu anayekusanya michango ya harusi. Mlima kwake ulikuwa nyongeza tu. Alichokitaka ni sokwe. Njia nzima alitueleza jinsi watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walivyoanza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, na jinsi sokwe hao, wanapochambuana manyoya, huwa na desturi ya kukaa wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja na kushikana na mwenzake juu ya vichwa, jambo lisilo la kawaida kwa wenzao wa Gombe. Usiku wetu wa mwisho mlimani, katikati ya maelezo hayo, alipiga chafya. Kufikia asubuhi alikuwa anakohoa.

Tulipofika kambini kando ya ziwa, askari wa hifadhi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, alimwamkia kwa heshima, akatugawia barakoa, akatukumbusha kwamba tungekaa na sokwe saa moja tu na tusiwasogelee chini ya mita 10. Kisha akamgeukia.

“Mwalimu, samahani sana. Wewe leo hutakwenda.”

“Ni vumbi tu, mwanangu,” Mwalimu alijibu, na kikohozi kikamkatiza.

Kijana hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mafua yetu ya kawaida huweza kuwaua sokwe, na kwamba mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulikwishaua baadhi yao humo humo Mahale. Hakuwa na haja ya kueleza, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alikuwa ametusimulia habari hiyo tukiwa njiani. Dada mmoja kati yetu alijitolea kubaki naye, akakaripiwa. “Nendeni,” alisema akivua barakoa. “Itazameni mikono.” Nimeona mara nyingi katika nchi yetu mtu mzima akipitishwa mahali asipostahili kwa sababu tu mdogo wake aliona haya kumzuia. Yule kijana hakuona haya, na namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Wafuatiliaji waliotangulia alfajiri walikuwa wamewasikia sokwe mteremkoni, basi tukapanda tena, safari hii bila kulalamika. Tuliwakuta wakila mabungo. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Pemba, aliyezoea kulinywa tunda hilo kama juisi, alisahau kunong’ona na kulitaja kwa sauti, na askari akamnyamazisha kwa jicho. Dume mmoja mwenye sikio lililochanika alilipasua bungo kwa meno, akafyonza nyama yake ya rangi ya machungwa na kuimeza pamoja na kokwa, huku maji yakimtiririka kidevuni. Hakutujali hata kidogo. Alipomaliza, sokwe mwingine alikuja kuketi mbele yake, na bila maandalizi yoyote mikono miwili ikapanda juu, ikashikana, na kila mmoja akaanza kumchambua mwenzake kwapani. Lilikuwa jambo la muda mfupi. Hakuna aliyepiga picha inayoeleweka.

Mwalimu alitusubiri ufukweni, na kuanzia hapo hatukupumzika. Alituuliza tukiwa kwenye boti ya kuelekea Lagosa, akatuuliza tena pale Lagosa tulipoketi juu ya mizigo kuisubiri meli ya Liemba, ambayo enzi hizo ilikuwa bado ikifanya safari zake. Ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto? Viganja vilikutana, au mmoja alimshika mwenzake kifundo? Mpemba aliapa kwamba ni viganja. Dada alisema ni vifundo, tena alikuwa karibu zaidi. Mimi nilikuwa na uhakika wa mkono wa kulia, mpaka Mwalimu aliponiuliza kama ni kulia kwangu au kulia kwa sokwe. Yote hayo aliyaandika katika lile daftari la michango, chini ya jina la kila msemaji.

Liemba ilipofika usiku, ilisimama mbali kidogo na ufuko, kwa kuwa hapakuwa na gati, na boti ndogo zikaanza kugombea abiria. Mwalimu alifunga daftari. “Mashahidi wanne, na hakuna wawili wanaolingana,” alisema, akapatana nauli na mwenye boti, akakohoa, akatuamuru tuanze kupakia mizigo.