Nyundo ya hewa ya kufulia chuma: fuawe kwanza, silinda baadaye

Karibu kila anayeniuliza habari za nyundo ya hewa niliyoijenga kwa ajili ya uhunzi wangu huanza na swali la silinda, yaani bomba ambamo hewa huisukuma pistoni inayobeba kichwa cha nyundo: ina kipenyo gani, na inapiga kwa nguvu kiasi gani? Swali hilo si baya, lakini silinda hununuliwa ikiwa imekamilika, ilhali mambo mawili yanayoamua kama chuma kitatii au kitakaidi, yaani uzito wa fuawe na upana wa njia ya hewa, yamo mikononi mwa mjenzi mwenyewe.

Kichwa cha nyundo yangu, yaani kile kipande kinachopanda na kushuka, kina uzito wa kilo 25. Ni chuma cha mraba cha milimita 100 kwa 100, chenye urefu wa takriban sentimita 32. Kinapotua, sehemu ya nishati yake hubonyeza chuma cha moto na sehemu nyingine huisukuma fuawe chini na kupotelea sakafuni. Fuawe ikiwa nzito mara 3 tu kuliko kichwa, robo nzima ya pigo hupotea. Ikiwa nzito mara 10, hupotea asilimia 9 hivi. Ikiwa mara 20, chini kidogo ya asilimia 5. Kutoka mara 3 hadi mara 10 ni faida ambayo mkono unaoshika koleo huihisi mara moja, lakini kutoka mara 10 hadi mara 20 sioni kama faida hiyo inalingana na jasho la kubeba chuma chote hicho. Nguzo ya duara ya chuma yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa mita 1 ina uzito wa karibu kilo 247, na hicho ndicho kipimo nilichokichagua.

Uzito unaohesabiwa hapa ni ule ulio chini ya pigo moja kwa moja. Fremu, hata iwe nzito vipi, haisaidii kitu ikiwa imesimama pembeni, na bomba lililojazwa mchanga haliwi fuawe, kwa kuwa mchanga hunyonya pigo badala ya kulirudisha. Asiyepata nguzo nzima anaweza kuunganisha mabamba manene, ila yasimame wima, pande zake zikiwa zimechomelewa, na wala yasilazwe moja juu ya jingine, maana katika kila upenyo kati ya mabamba yaliyolazwa patakuwa na mdundo unaokula nguvu.

Mhandisi Mskoti James Nasmyth alipoichora nyundo yake ya mvuke mwaka 1839, hata akaipatia hataza mwaka 1842, mvuke ulikuwa na kazi ya kukiinua kichwa tu, kisha uzito wake wenyewe ukakiangusha. Katika mashine ndogo kama hizi zetu, uzito peke yake hautoshi. Kilo 25 zikianguka milimita 250 hutoa jouli 61 tu, ilhali hewa yenye shinikizo la baa 6 juu ya pistoni ya milimita 63 husukuma kwa karibu nyutoni 1,870, ambazo katika mwendo huo huo ni jouli 467 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hesabu hiyo inadhani kwamba hewa inaingia juu ya pistoni kwa kasi ile ile pistoni inayokimbilia, na kwamba hewa iliyo chini yake inatoka bila kizuizi. Haitoki hivyo. Mjenzi akiweka vali yenye matundu ya robo inchi na mpira mwembamba wa kupitishia hewa wa mita kadhaa, pistoni hushuka ikiwa imekalia mto wa hewa iliyokosa pa kupita, na pigo hugeuka kuwa msukumo wa upole. Vali kuu iwe na matundu ya nusu inchi au zaidi, ikae karibu kabisa na silinda, na njia ya kutolea hewa iwe pana kuliko ya kuingizia.

Vali hiyo huongozwa na vali ndogo yenye kigurudumu, ambacho huguswa na kipande chenye mteremko kilichofungwa ubavuni mwa kichwa: kichwa kikishuka, kigurudumu husukumwa na hewa hugeuzwa ili kukiinua, kikipanda, hewa hugeuzwa tena. Pedali huishusha vali ndogo hiyo na wakati huo huo kufungua njia ya hewa, na hivyo mguu mmoja hutawala urefu wa mwendo pamoja na uzito wa pigo.

Kiungo kati ya fimbo ya pistoni na kichwa kinahitaji uangalifu kuliko kinavyoonekana. Niliwahi kushika fimbo iliyokatika ya mhunzi mwenzangu aliyeikaza moja kwa moja kwenye kichwa: sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, yenye mistari myembamba iliyopindana kama ile ya ganda la chaza, na ni kipembe kidogo tu kilichokuwa na chembechembe zenye kung'aa. Ufa ulikuwa umeanza kwenye mzizi wa uzi wa bolti na kukua pigo baada ya pigo. Dawa yake ni kuweka mpira mgumu juu na chini ya kiungo, na kukiacha kicheze kidogo, ili reli ambamo kichwa huteleza ndizo zikiongoze, si fimbo.

Kuhusu kompresa, pigo moja la mwendo kamili hula takriban lita 10 za hewa ya kawaida, yaani isiyoshindiliwa. Mapigo 150 kwa dakika yangehitaji lita 1,500, kiasi ambacho kompresa ndogo haikifikii hata kidogo. Kinachotuokoa ni tangi, kwa sababu chuma hukaa na joto la kufulika kwa muda mfupi tu, kisha hurudi motoni na tangi hujaa tena. Tangi la lita 200 likishuka kutoka baa 8 hadi 6 hutoa lita 400, ambazo ni mapigo kamili 40, na mapigo mafupi ya kunyooshea ni mengi zaidi. Mabomba ya plastiki ya maji yasitumike kwa hewa hii. Yakipasuka hurusha vipande vikali.

Kingo za taya zote mbili, yaani vipande vya juu na chini vinavyokibana chuma cha moto, hufanywa za mviringo kwa tupa, kwani kingo kali huacha mikunjo ndani ya chuma. Kabla ya kubadilisha taya, mimi hufunga hewa, huitoa yote iliyobaki kwenye mpira, kisha huweka gogo la mti mgumu chini ya kichwa. Majaribio ya kwanza nayo hufanywa juu ya gogo, kwa baa 2 au 3, kwa kuwa taya mbili zikigongana tupu hupasuka.